Mwaka Niliounda Kompyuta Munuki

Bintiye Mzee Kiprono alinitumia ujumbe Jumapili, nikiwa natoka kanisani, kwamba baba yao amepumzika nyumbani kwake Kericho, na kwamba familia inaomba kila aliyefanya kazi naye Juba aandike maneno machache ya kusomwa siku ya mazishi. Niliketi kibarazani kwangu, mtaa wa New Site hapa Juba, viatu vya kanisani vikiwa bado mguuni, nikaandika. Niliandika kwamba alikuwa mchapakazi, kwamba hakuchelewa kazini hata siku moja, kwamba alitulea kama watoto wake. Nikatuma. Kisha nikasoma nilichotuma, nikaona haya, kwa sababu maneno yale yangeweza kusomwa juu ya jeneza la mtu yeyote aliyewahi kufunga tai. Mzee Kiprono ninayemkumbuka mimi alikuwa mwepesi wa hasira, alinung'unika kuhusu chakula cha Juba kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu alinipa nafasi moja tu, halafu akanifanyia jambo ambalo tangu hapo sijaona mkubwa mwingine wa kazi akimfanyia mtu wa chini yake. Habari hiyo haikuenea kwenye mistari kumi ya simu. Naiandika hapa ili nami roho yangu itulie.

Jinsi nilivyokulia Kitale na jinsi nilivyorudi kwetu Juba nitaviruka. Nusu ya watu wa umri wangu hapa Juba wana habari hiyo hiyo, na wengi huisimulia vizuri kuliko mimi. Mwaka ule nilikuwa mtu wa mapokezi katika shirika moja la misaada. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu, kuandikisha wageni kwenye daftari na kutabasamu. Meza yangu ilikuwa mwanzo wa korido, na mwisho wa korido kulikuwa na chumba cha kompyuta, ambako Mzee Kiprono alikaa na kiti kimoja kitupu, maana msaidizi wake alikuwa amepata kazi Kampala. Nilikiangalia kile kiti miezi miwili. Mtu wa mapokezi husikia kila kitu, kwa kuwa watu humsahau, na siku moja nikawasikia watu wa uhasibu wakisema kuna kijana Nairobi, mpwa wa mtu fulani, ana cheti, ataletwa akikalie. Sikungoja. Nilimpelekea Mzee chai yake ya saa nne, nikafunga mlango, nikamwambia, "Mzee, hiyo nafasi naitaka mimi."

"Wewe si wa simu?"

"Ni wa simu. Lakini kompyuta naijua."

"Unajua kuitumia," akasema. "Kuitumia hata paka anaweza, akipita juu ya kibodi." Akakoroga chai. Nilidhani amenifukuza kwa adabu, nikashika kitasa. "Poni. Unda moja. Ununue vipande, uunganishe kwa mikono yako, bila kuita mtu. Uilete hapa mezani pangu, ikae imewashwa wiki moja ya kazi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mimi naenda likizo ya Krismasi, na kabla sijapanda ndege lazima niwe nimeandika jina la mtu. Itakuwa jina lako au la yule kijana. Haya, simu yako inalia."

Nilikuwa nikikaa mtaa wa Munuki, kwenye ua wa Mama Kiden, chumba kimoja na Dada Nekesa, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bungoma, aliyenizidi miaka minane na ambaye kwa sababu hiyo alijiona ana haki ya kuniuliza nimekula nini. Chumba kilikuwa cha matofali yasiyopigwa lipu, bati juu, vitanda viwili na katikati meza moja, ambayo asubuhi ilikuwa ya madaftari ya watoto na jioni ya sufuria. Mama Kiden alitupikia asida, ugali wa huku, na bamia iliyokaushwa, siku njema na samaki, na Jumapili Nekesa alisukuma chapati ambazo ua mzima ulizisikia harufu. Mama mwenyewe alikuwa amekaa Koboko, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi. Kiswahili chake alikiokota sokoni huko na alikitumia bila woga wowote, akikichanganya na Kiarabu cha Juba kadiri alivyotaka. Alikuwa mtu wa kutunza vitu. Kochi lake lilikuwa bado na nailoni ya dukani, godoro lake vilevile, ukilikalia linapiga kelele, na rimoti ya televisheni ilikuwa imefungwa mfuko kwa mpira tangu siku iliponunuliwa. Wala hatukumcheka. Nekesa alikuwa na simu ya mwaka mzima ambayo bado ilikuwa na ile karatasi ya kioo, imejaa mapovu, na mimi nimekulia katika nyumba ambayo redio ilivalishwa kitambaa cha kufuma kabla sisi watoto hatujavalishwa soksi. Kwetu, ukivua kitu kipya nguo yake mapema, unaonekana hukukihitaji.

Vipande viliingia Juba kutoka Nairobi kimoja kimoja. Kasha lilikuja kwa basi juu ya magodoro ya mtu. Monita ilibebwa mapajani na binamu ya Nekesa, ambaye hakutusamehe mpaka alipoondoka. Mazabodi, yaani ule ubao mkubwa ambao kila kitu huchomekwa humo, ulisafiri ndani ya kopo la biskuti, na diski, ambayo ndiyo hubeba kila kitu unachokiweka kwenye kompyuta, ilikuja mfukoni mwa rubani, au ndivyo aliyeileta alivyojisifu. Mvua zilikuwa zimekatika na vumbi la Munuki limeanza, lile jekundu linaloingia mpaka ndani ya chumvi. Kwa hiyo siku ya kuunganisha nilijiandaa kwa vita na vumbi. Niliosha meza mara mbili. Nilitundika shuka mlangoni. Feni ya kasha niliikatia kipande cha soksi ya nailoni kama chujio, diski nikaiacha ndani ya mfuko wake wa kung'aa ilimokuja, nikautoboa tu kidirisha kwa mkasi wa kucha ili waya zake mbili zipite, na nafasi zote za nyuma ya kasha nikazibandika gundi ya karatasi. Umeme tulivutiwa waya juu ya uzio wa matete kutoka kwa Taban, kinyozi wa jirani, aliyewasha jenereta yake mchana mpaka jioni kwa ajili ya mashine za kunyolea, kwa makubaliano kwamba kompyuta ikikubali nitamchapia bango la mitindo ya nywele. Nikabonyeza. Feni ikazunguka, taa ikawaka, maandishi yakapanda kwenye monita. Nekesa akapiga vigelegele peke yake, na Mama Kiden akaja akidhani kuna posa.

Ilidumu dakika kumi na nane. Najua kwa sababu Nekesa alikuwa ameweka mayai jikoni na alikuwa anatazama saa. Picha iliganda, ndani ya kasha kukawa na mlio, tik, tik, tik, kisha skrini nyeusi na maneno mafupi kwamba hakuna diski. Nilizima, nikangoja, nikawasha. Diski ipo. Dakika kumi na tano, haipo. Jumatatu nilimweleza Mzee Kiprono kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki. Akasikiliza bila kuinua macho. "Ikigonga hivyo imekufa. Irudishe Nairobi." Nilihesabu wiki. Diski ikienda Nairobi hairudi kabla ya Krismasi, na ikirudi itakuta jina la kijana limeshaandikwa. Nikamwambia nitaangalia tena. "Angalia," akasema, "lakini ndege hainingoji."

Sijui kama vijana ninaowafundisha leo wanaweza kuielewa ile hali. Wao kitu kikikataa wanauliza simu, na simu inawajibu. Mimi nilikuwa na daftari la shule, la kurasa tisini na sita, na sheria moja niliyoisoma ukurasa wa kwanza wa kitabu chakavu cha mafundi: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike. Nikaandika. Nilibadilisha waya ya diski, ikatoweka baada ya dakika ishirini. Nilibadilisha tundu la waya kwenye mazabodi, dakika kumi na saba. Nilihamisha diski kutoka ngazi ya juu ya kasha hadi ya chini, dakika ishirini na mbili, nikafurahi bure. Nilimshuku Taban na jenereta yake, nikaazima stabilaiza ya kanisa, ile inayokisawazishia kinanda umeme, nikaibeba kichwani kutoka parokiani, na bado dakika ishirini. Kitu kilichonitia wazimu ni hiki: nikiitoa ile diski, nikaiweka mezani juu ya kitabu ili niipapase kama ina joto, nikaichomeka kwa waya ndefu kasha likiwa wazi, inafanya kazi mchana kutwa. Nikiirudisha ndani inakufa. Basi niliamini kasha lina mdudu. Nilikaza skrubu, nikalegeza skrubu, nikaweka vipande vya mpira wa ndala chini ya diski. Kila kitu kikaandikwa, na kila siku matokeo yakawa yale yale.

Watu wakaanza kunihurumia, jambo nisilolipenda hata leo. Nikiwa naoga nyuma ya mabati nilimsikia Mama Kiden akiongea na jirani juu ya uzio. Jirani akauliza, "Bit de gi amulu shunu?" yaani huyu msichana anafanya nini, na Mama akamjibu kwamba ana sanduku, linaumwa, analitibu. Wakacheka wote wawili, si kwa ubaya, lakini nilikaa na sabuni usoni mpaka ikanichoma. Nekesa alivumilia wiki tatu za kusahihisha madaftari juu ya kitanda kwa kuwa meza ilikuwa hospitali. Ijumaa moja akaniambia, "Poni mdogo wangu, hiyo kitu imekukataa. Si kila mtu lazima awe fundi. Hata mapokezi ni kazi, wengine wanaililia." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye abaki na chaki zake. Alichukua sahani yangu ya asida iliyokuwa imepoa, akaifunika, akatoka nje. Nililia basi, na sikulia kwa ajili ya diski. Nililia kwa kuwa nilijiona miaka kumi mbele, kwenye meza ile ile mwanzo wa korido, nikitabasamu, na yule kijana wa Nairobi akinipita kila asubuhi na mfuko wake wa vifaa. Kabla ya likizo ya Mzee zilikuwa zimebaki siku tisa. Ili wiki moja ya kazi itimie, ile mashine ilipaswa iwe mezani kwake Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Mama Kiden alileta kiti chake mlangoni kwetu na sinia ya majani ya kudra, mboga inayofanana na mrenda, akaanza kuyachambua. Nekesa alikuwa amelala akitazama ukuta, tulikuwa hatujasemezana. "Ya biniya," Mama akaniambia, yaani ewe msichana, "leo mimi iko nataka kuona. Kila siku mimi iko nasikia tu tik-tik kama kuku iko nadonoa bati. Fanya pole pole, na wewe iko naniambia."

Sikuwa na hamu ya kumfundisha mtu kitu ambacho sikiwezi, lakini nilikuwa nakula chakula chake. Nikaanza. Nilishika waya, akauliza, "Hii ya nini?" Nikamwambia ya umeme. Nikashika nyingine. "Na hii ya nini?" Nikamwambia ndiyo diski hutumia kuongea na mazabodi. Skrubu, akauliza. Mpira wa ndala, akauliza, akacheka. Alikuwa na swali moja tu na alilitumia kwa kila kitu nilichogusa, na mimi nikajibu kila kimoja haraka haraka ili amalize atuachie chumba. Nikaichukua diski mezani ilipolala usiku, nikaupanua ule mfuko wake wa kung'aa, nikaitumbukiza, nikaweka sawa kidirisha cha waya.

"Na hii ya nini?"

"Ya vumbi, Mama."

"Ndani ya sanduku iko vumbi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikaangalia kasha: soksi kwenye feni, gundi kwenye kila ufa. Nikaangalia mkono wangu, umeshika diski iliyovaa. Kisha nikachukua daftari, nikapekua kurasa zote, wiki tatu za mwandiko mdogo, waya, tundu, ngazi, stabilaiza, skrubu, mpira. Mfuko haukuwemo. Mara zote nilizoitoa diski nje nilikuwa nimeivua, na mara zote nilizoirudisha nilikuwa nimeivisha, na sikuandika hata mara moja, kwa sababu kuivisha hakukuwa jambo la ufundi. Ilikuwa adabu tu, kama kumfunika mtoto.

"Mama," nikasema, "hebu subiri."

Niliivua. Nikaifunga ndani ya kasha tupu kama ilivyozaliwa, skrubu nne, waya mbili, nikafunika, nikabonyeza. Nekesa akageuka kutoka ukutani. Dakika kumi zikapita, kumi na tano. Ilipofika kumi na nane hakuna aliyepumua ndani ya kile chumba isipokuwa feni. Ishirini. Ishirini na tano. Mama Kiden aliendelea kuchambua kudra lakini niliona anatupa majani mazuri na kuacha vijiti. Saa nzima ikatimia. Hapo ndipo Taban akapiga kelele kutoka ng'ambo ya uzio kwamba hana wateja, anazima jenereta akale. Sikuwa nimewahi kumwona Mama Kiden akikimbia kabla ya siku ile. Alipanda juu ya ndoo, akachomoza kichwa juu ya matete, akamfokea kwa Kiarabu maneno ambayo sehemu yake siyaandiki, na alipochoka kufoka akamwahidi sahani ya kudra. Jenereta ikaendelea. Tulikula sote pale pale, sahani magotini, Taban naye na mashine yake ya kunyolea mkononi, tukitazama monita isiyoonyesha chochote cha maana. Saa nne zilipotimia nilimwomba Nekesa msamaha na mdomo umejaa. Akasema, "Meza tu kwanza," na nikajua yameisha.

Kisha nikafanya jambo ambalo Nekesa mpaka leo analiita wazimu. Nilizima, nikaivisha diski mfuko tena, nikawasha. Aliniambia nina roho ngumu, mgonjwa amepona halafu namrudishia ugonjwa. Lakini nilitaka kujua, si kubahatisha. Dakika kumi na tisa, tik, tik, tik. Nikaitoa, nikaupeleka ule mfuko mlangoni kwenye jua, nikauona vizuri kwa mara ya kwanza. Haikuwa nailoni tupu. Katikati yake ilikuwa na utando mwembamba wa madini, wa kuilinda diski njiani, na pale nilipokata kidirisha kwa mkasi wa kucha, ukingo wa madini ulikuwa wazi, umelalia miguu midogo ya ubao wa diski. Diski ikipata joto ndani ya lile koti, mfuko ulijikunja, ukingo ukagusa, umeme ukapita pasipotakiwa. Niliimba. Sauti yangu si ya kuimba na wote walinivumilia. Taban akauliza kama sasa bango lake litakuwa na rangi, nikamwambia litakuwa na rangi zote.

Jumatatu niliipeleka ofisini kwa bodaboda, nimeikumbatia, monita ikinifuata kwenye bodaboda ya pili mikononi mwa Nekesa, aliyeomba ruhusa shuleni kwa kusema ana mgonjwa. Mzee Kiprono aliizunguka mara mbili, akaiwasha, akaendelea na kazi zake. Jumanne ilikuwa inawaka. Jumatano alikuwa ameifungulia programu nne kwa pamoja ili kuisumbua. Alhamisi nilimkuta ameweka kiganja juu ya kasha, akasingizia anatafuta kalamu. Mimi nilipokea simu siku zote hizo kwa upole wa ajabu, nikiwaambia watu wasubiri kidogo, sikio langu likiwa mwisho wa korido.

Ijumaa alasiri aliniita. Karatasi ya jina ilikuwa mbele yake, haina kitu. "Hii diski uliniambia inagonga," akasema. "Nikakwambia imekufa. Ni diski nyingine?"

"Ni ile ile, Mzee."

"Basi shida ilikuwa nini?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo tangu Jumapili. Nilikuwa na jibu zuri, lenye heshima: jenereta ya Munuki, umeme unaopanda na kushuka, mafundi wote wa Juba hulalamikia hilo, hakuna ambaye angebisha. Kusema kweli ilikuwa kujiweka uchi mbele ya mtu aliyeshika kalamu. Fundi gani huivalisha diski mfuko kama mtoto wa kupelekwa kliniki? Nililitazama lile jibu zuri, likanitazama. Kisha nikakumbuka dakika zile kumi na tisa za pili, nilivyozitafuta mwenyewe ili nisidanganyike, na nikaona nitakuwa mjinga kuanza kudanganya sasa. "Niliiacha ndani ya mfuko wake," nikasema. "Kwa ajili ya vumbi. Nilikata kidirisha cha waya, ukingo ukawa unagusa ubao. Nikiitoa nje nilikuwa naivua, ndiyo sababu nje ilifanya kazi. Ilinichukua wiki tatu kujua, Mzee, na mwenye nyumba wangu ndiye aliyeniuliza swali."

Hakucheka. Kisha akasimama, akatoa ufunguo kwenye droo, akatembea mpaka stoo bila kuniita, nami nikamfuata. Ndani kulikuwa na kompyuta tatu sakafuni, zimepangwa ukutani, kila moja na karatasi yenye mwandiko wa Mzee: mazabodi imekufa. Zilikuwa pale tangu kabla sijaajiriwa. Nilikuwa nimezipita mara ngapi nikifuata karatasi za printa! Akanipa bisibisi. "Fungua hiyo ya kwanza."

Nikapiga magoti, nikafungua. Ndani, kwenye ngazi yake, diski ilikuwa imelala ndani ya mfuko wa kung'aa, umekatwa kidirisha nadhifu kuliko changu. Nikafungua ya pili. Mfuko. Sikuthubutu kuinua uso, kwa kuwa nilijua ni mkono wa nani uliokata. Mzee Kiprono alikaa juu ya katoni ya karatasi, mtu mzima, tai imelegea. "Mwaka ule vumbi lilikuwa baya," akasema. "Nikasema nizivalishe. Nikizileta mezani kwangu diski zinafanya kazi, nikizirudisha zinakufa. Nikaona ni mazabodi. Nikaandika ripoti, Poni. Niliandika mpaka ripoti."

Tulizivua zote tatu. Ya kwanza iliwaka, ya pili ikawaka, ya tatu ikakohoa vumbi la miaka miwili kisha nayo ikawaka. Nilidhani angefunga mlango, aniambie haya yabaki kati yetu, na mimi ningekubali kwa furaha, maana jina langu lilikuwa limeshapona. Badala yake alitoka kwenye korido akamwita mkurugenzi, mama mmoja mfupi aliyeogopwa na wote, akawaita na watu wa uhasibu, mpaka dereva. Wakajaa mlangoni pa stoo. "Hizi mashine niliwaambia zimekufa," akawaambia. "Zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeziua, kwa mikono yangu, na huyu ndiye aliyejua kwa nini." Aliweka karatasi juu ya kompyuta ya tatu, iliyokuwa bado na joto, akaandika jina langu mbele yao wote, majina matatu, kwa herufi zake za polepole. Watu wa uhasibu hawakumtaja mpwa wa mtu yeyote.

Walipotawanyika nilibaki nimepiga magoti sakafuni, mikono imejaa vumbi, sijui niseme asante au nilie. Mwanzo wa korido simu ya mapokezi ikaanza kulia. Nilijiinua nusu, kama nilivyojiinua kila siku ya mwaka ule. Kabla sijasimama sawasawa, mtu akaita kutoka chumba cha uhasibu, "Fundi! Fundi, printa imekwama!" Nikamgeukia Mzee Kiprono. Yeye alikuwa amekaa vilevile juu ya katoni yake, amekunja mikono, wala hakuonyesha kwamba ameitwa.

Simu iliendelea kulia. Nikachukua bisibisi, nikaenda.